Dawa, sumu na majina ya viwavi

Kifaransa kina neno ravageur. Kiswahili bora kinalitafsiri kwa "mdudu mharibifu", na katika vitabu vya kilimo vya Tanzania utakuta pia "kisumbufu". Katika shamba la mahindi sina ugomvi na maneno hayo. Ugomvi wangu unaanzia chini ya mti. Kiwavi anayekula majani katika msitu wa miombo, nje kidogo ya Lubumbashi, anamharibia nani? Mti unapoteza majani, ndiyo. Lakini mama anayemchuma, akamchemsha, akamkausha na kumleta Soko la Kenya (mgeni asichanganyikiwe: Kenya ni komini ya mji wetu, siyo nchi) hawezi kumwita mharibifu bila kucheka.

Niliingia katika jambo hili kwa mlango wa tafsiri. Ofisi moja, ambayo hapa haina haja ya jina, ilitafuta mwanafunzi wa lugha za Kiafrika ili aweke katika Kiswahili karatasi ya kurasa mbili juu ya nondo ambao viwavi wao huvua miti majani, iwe miti ya barabarani, ya lupango za watu, au ya msitu unaouzunguka mji. Masharti yalikuwa mawili: siku kumi, na "Kiswahili ambacho kila mtu anakielewa". Sharti la pili ndilo lililonila usingizi.

Niseme haki: karatasi yenyewe ilikuwa nzuri. Haikuwa ya wale wanaomwaga kemikali kwanza na kuuliza baadaye. Ilifundisha kile ambacho Wafaransa wanakiita lutte intégrée, na ambacho Watanzania wamekipa jina la "udhibiti husishi". Maana yake kwa ufupi ni kwamba huanzi na pampu, unaanza na macho. Nondo hutaga mayai; yai hutoa kiwavi; kiwavi hula, hukua na kujivua ngozi mara kadhaa; halafu hujifunga ndani ya ganda au huingia udongoni, na mwishoni nondo mwingine huruka. Kila hatua ina udhaifu wake. Mayai yaliyobandikwa kwenye gome yanakwanguliwa kwa kisu. Viwavi wanaopanda na kushuka shinani wananaswa kwa gunia lililofungwa kuuzunguka mti. Ndege na nyigu wadogo wanaotaga mayai yao ndani ya miili ya viwavi wanafanya kazi bila mshahara, mradi usiwaue. Na mti wenye afya unaopoteza majani mara moja kwa kawaida huchipua tena. Hatari ni kuvuliwa mwaka baada ya mwaka, hasa ukame ukiongezeka juu yake. Kwa hiyo mtu anaangalia, anahesabu, anangoja, anatumia mikono, na kama yote hayo hayakutosha ndipo anafikia le produit.

Sasa ndugu msomaji, tafsiri hilo neno.

Kabla ya kufika huko nilikuwa nimekwisha kukwama kwenye mambo madogo. "Nondo" ni neno safi la Kiswahili bora. Ila mwenzetu wa Dar es Salaam akilisikia anaweza kufikiria kwanza vyuma vya kujengea nyumba, na kwetu, ambako Kibemba kiko mdomoni mwa watu wengi, inondo ni nyundo. Fikiria mtu wa komini ya Katuba anasoma kwamba nyundo hutaga mayai usiku. Nikaandika "kipepeo wa usiku", nikaendelea. "Kiwavi" nalo lina asili yake: katika kamusi za zamani za pwani linakaa jirani na mwasho, hata mmea unaowasha ngozi huitwa hivyo. Ni jina la kitu usichotaka kukigusa. Linawafaa sana wale wenye manyoya wanaoshuka kwenye miti ya lupango na kuwawasha watoto shingoni. Kwa wale wa miombo, ambao watu huwashika kwa viganja vyote viwili, jina hilo linawavisha nguo isiyo yao.

Lakini hizo ni taabu za mtafsiri, na zina dawa yake. Tazama, nimekwisha kulitumia neno lenyewe.

Dawa. Kifaransa kiliandika: traiter les arbres avec le produit. Angalia jinsi Kifaransa chenyewe kinavyoficha jambo. Traiter ni kutibu. Produit ni kitu chochote kilichotengenezwa. Neno rasmi, produit phytosanitaire, linasema kwamba ni kitu cha afya ya mimea. Hakuna mahali popote katika sentensi hiyo ambapo kuna kifo, ingawa kazi yake yote ni kuua. Na Kiswahili, kwa bahati mbaya, kina neno linaloifuata sentensi hiyo kama kivuli: kutia miti dawa. Dawa ya malaria, dawa ya meno, dawa ya viatu, dawa ya panya. Sisi tunatofautisha kwa neno linalofuata au kwa hali ya mazungumzo. Mtu aliyezaliwa hapa hatakunywa dawa ya panya. Lakini "dawa ya miti"? Mti si adui. Dawa ya panya inaua panya. Dawa ya mtoto inaponya mtoto. Dawa ya miti basi inafanya nini? Sarufi ni ile ile, yule "-a" anayeunganisha ni yule yule, na msikilizaji anaachwa achague mwenyewe kati ya kuua na kuponya.

Nilifanya jaribio dogo, kama tunavyofundishwa. Mama yangu mdogo anauza viwavi waliokaushwa, pamoja na uyoga ukifika msimu wake. Nilimsomea sentensi moja kwa namna mbili, siku mbili tofauti. Siku ya kwanza: "Mti ukizidiwa na viwavi, unyunyizie dawa." Aliendelea kupepeta.

"Ni muzuri," akasema. "Miti nayo inagonjwaka."

"Na wale walioko juu ya mti, mama?"

"Batapona pamoja na muti."

Siku ya pili nilisoma: "Mti ukizidiwa na viwavi, unyunyizie sumu." Akaweka ungo chini.

"Sumu? Ku muti yenye batoto banapandaka? Na tunkubiu tutachuma wapi?"

Nilirudia kwa majirani kadhaa na kwa wenzangu wawili wa fakulte wanaotoka upande wa Kasumbalesa. Maneno yao hayakuwa sawa, lakini mgawanyiko ulikuwa ule ule: neno "dawa" lilipokelewa kwa kichwa kinachokubali, neno "sumu" lilizaa maswali. Nani atanyunyizia? Siku ngapi tungoje? Mvua ikinyesha inakwenda wapi? Hayo ndiyo maswali ambayo udhibiti husishi unataka mtu ayaulize kabla ya kushika pampu. Neno moja lilikuwa linayafungua, lingine linayafunga.

Nisimame kidogo kwenye lile jina tunkubiu, kwa sababu wanaisimu watanielewa. Tu- ni kiambishi cha udogo katika wingi, ngeli ambayo Kiswahili bora hakina, lakini Kiswahili chetu cha Lubumbashi kimeihifadhi kutoka lugha za hapa: katoto, tutoto. Tunkubiu ni wadogo, na wadogo wanaopendwa. Kwa jina la kisayansi ni Elaphrodes lactea, na mwaka 1970 watafiti wa hapa hapa Lubumbashi walichapisha maelezo ya mzunguko wa maisha yake na athari yake katika miombo. Maana ni mla majani kweli kweli, siyo wa kubahatisha. Mumpa naye, ambaye vitabu vinamwita Gonimbrasia zambesina, anapenda majani ya mutondo, mti ambao bila yeye ungebaki na kijani chake chote. Ukimpima kwa kipimo cha karatasi yangu (kipepeo wa usiku, mayai mengi kwa mpigo, viwavi wanaovua majani) ni ravageur kamili. Ukimpima kwa sahani ni nyama. Malaisse na Parent, waliochunguza viwavi wanaolika wa kusini mwa mkoa huu, uliokuwa ukiitwa Shaba, walichapisha mwaka 1980 matokeo juu ya aina 23. Kwa wastani protini ilipita asilimia 60 ya uzito mkavu. Bukari na mboga ya namna hiyo, mtu hadai ng'ombe.

Na jina halitaji mdudu peke yake. Anayejua mumpa anajua mutondo. Anajua kama ni mwanzo wa mvua au mwisho wake. Anajua kama ni wa kukamuliwa tumbo kabla ya kuchemsha. Malaisse alilielewa hilo: katika kitabu chake cha 1997, Se nourrir en forêt claire africaine, majina ya wenyeji yanakwenda pamoja na ya Kilatini. Kusema "viwavi" tu, halafu "waharibifu", ni kulifuta daftari lote hilo kwa kitambaa kimoja. Na pampu inafanya vile vile. Pampu haijui majina.

Hapa mtu wa sayansi atanisahihisha, naye atakuwa na haki: si kila produit ni sawa. Karatasi ilipendelea ile ya kibiolojia, bakteria anayeitwa Bacillus thuringiensis. Kiwavi akila jani lililonyunyiziwa, bakteria huyo huvunja utumbo wake, na kiwavi huacha kula na kufa baada ya siku chache. Kwa mtu, ndege au nyuki hana ukali huo, na jua linamwondoa juu ya majani upesi. Je, naye nimwite sumu? Nikisema sumu nitamtisha mtu bure, na huenda akaona afadhali kemikali kali ya sokoni, ambayo muuzaji anaiita "dawa". Nikisema dawa nimerudi kule kule. Nilichoandika ni kirefu: "bakteria anayeua viwavi wanaomla pamoja na majani, hamdhuru mtu, lakini anaua kila kiwavi wa kipepeo aliye mchanga, hata yule tunayemla". Mhariri wa ofisi aliniambia kwamba hilo si neno bali ni aya. Nikamjibu kwamba hata bakteria mwenyewe ana historia ndefu. Mtu wa kwanza kumtambua ni Mjapani Ishiwata, mwaka 1901, na alimkuta akiwaua viwavi wa hariri, yaani viwavi ambao watu waliwafuga na kuwatunza kama watoto. Alianza kama ugonjwa. Berliner akamchunguza Ujerumani mwaka 1911, ndani ya kiwavi wa nondo wa unga, na jina lake linakumbuka Thuringia. Kwa kiwavi wa unga yeye ni msaada, kwa kiwavi wa hariri ni msiba, naye hakubadilika hata kidogo katikati.

Nilipotafuta namna wengine walivyohangaika na majina ya wala majani, nilifika mbali sana na miombo: Massachusetts, Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1860 Mfaransa Étienne Léopold Trouvelot aliyeishi Medford alileta nondo kutoka Ulaya, Lymantria dispar, wakamtoroka, wakaenea. Mwaka 1981 viwavi wake walivua majani katika hekta zaidi ya milioni 5 za misitu ya nchi hiyo. Wamarekani walijaribu yote. Katika miaka ya 1950 ndege zilimwaga DDT juu ya misitu na vijiji, na Rachel Carson alieleza gharama yake katika kitabu chake cha 1962. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1906, waliwahi kumleta nzi wa Ulaya, Compsilura concinnata, ambaye mabuu yake hula viwavi kutoka ndani. Kwenye karatasi lilikuwa wazo la busara, adui wa asili badala ya kemikali. Ila nzi huyu ana vizazi kadhaa kwa mwaka na nondo yule ana kimoja tu. Viwavi wa dispar wanapokwisha, nzi anatafuta wengine. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulionyesha jinsi alivyowashambulia nondo wakubwa wazuri wa huko, wa familia ya Saturniidae.

Familia hiyo ndiyo ya mumpa. Niliposoma hapo niliinua kichwa kutoka kwenye kitabu.

Kuna na upande wa jina. Kwa Kiingereza nondo huyo aliitwa kwa neno la dharau wanalotukanwa nalo Waroma. Mwaka 2021 chama cha wataalamu wa wadudu cha Marekani kiliondoa jina hilo, na mwaka 2022 kikachagua jipya linalotokana na sponji, kwa sababu mayai yake hukaa gomeni kama kipande cha sponji. Wasemaji wa Kifaransa walikuwa wakimwita spongieuse tangu zamani. Baadhi ya watu walisema ni siasa tupu. Mimi naona, nje ya heshima kwa watu, ambayo peke yake ingetosha, kwamba jina jipya linafanya kazi ya mikono: linamwambia mwenye lupango atafute nini kwenye gome wakati kiwavi bado hajatoka. Jina la zamani halikumsaidia mtu yeyote kushika kisu na kukwangua.

Karibu zaidi na sisi, ng'ambo ya mpaka, kaskazini mwa Zambia, kuna eneo la Kopa. Mbata, Chidumayo na Lwatula walieleza mwaka 2002 jinsi watu wa huko wanavyowatunza mumpa na chipumi. Wanafuatilia msituni wapi mayai yametagwa na viwavi wamefikia ukubwa gani. Wanailinda miti na mayai dhidi ya moto unaochelewa. Na hakuna anayechuma kabla ya wakati kufunguliwa. Soma tena: kufuatilia, kujua hatua za maisha, kuingilia kwa wakati wake, kuweka kikomo. Ni udhibiti husishi sura kwa sura, ila lengo limegeuzwa, maana hawa wanatafuta viwavi warudi mwakani. Ujuzi unaohitajika ili kumpunguza kiwavi na ule wa kumtunza ni ujuzi mmoja, na kwetu unakaa kichwani mwa watu ambao karatasi ya ofisi iliwaita "walengwa". Wakati huo huo miti yenyewe inakwenda makala, gunia juu ya gunia, na wachumaji wanatembea mbali zaidi kuitafuta. Hilo ni jambo lingine, lakini siwezi kulipita kimya: mti uliokatwa hauhitaji udhibiti wa aina yoyote.

Basi nilipeleka tafsiri yangu ikiwa na mambo matatu ambayo Kifaransa hakikuwa nayo. Kwanza, kila palipokuwa na kemikali niliandika "sumu", bila kupamba, pamoja na siku za kungoja kabla ya mtu kuchuma kitu chochote kwenye mti huo au chini yake. Pili, niligawa miti: ya barabara na ya lupango upande mmoja, ya msitu upande wa pili, na kwa ile ya msitu sentensi moja tu: usinyunyizie, uliza kwanza wanaochuma. Tatu, kisanduku chenye majina: kiwavi, mti wake, wakati wake, analiwa au haliwi, anawasha au hawashi.

Tulijadiliana alasiri nzima. Kuhusu "sumu" mkubwa wa ofisi alisema itatisha watu. Nikamwambia ndiyo. Alinitazama kidogo, akauliza kama hakuna neno la katikati. Nikamwambia nimelitafuta katika Kiswahili bora, katika Kiswahili cha mji na katika Kibemba, na kwamba mahali pote palipo na kitu cha kuua, watu wameweka neno la kuua. Akaliacha. Sentensi ya msitu ilipita pia, ingawa "uliza kwanza wanaochuma" iligeuka kuwa "uliza kwanza viongozi wa kijiji", jambo ambalo si lile lile, maana wachumaji wengi ni wanawake na viongozi wengi si wanawake. Kisanduku cha majina kilikatwa. Nafasi haikutosha, wakasema. Picha ya pampu ilikuwa kubwa.

Kisanduku hicho sasa ni sura ya memwari yangu, na kinakua. Mama mdogo amekwisha kunirekebishia wakati wa kuchuma katika mistari miwili, na amenikatalia jina moja ambalo, kwa maoni yake, ni la watu wa upande mwingine wa mto. Nakala thelathini za ukurasa huo nimezitoa, na zilizobaki ziko kwa asistenti wa depatema yetu. Pembeni nimeacha nafasi kwa Kisanga, Kiluba, Kirund na Kilamba. Mwenye jina linalokosekana aliandike kwa kalamu, pamoja na mti.